Unga wa manganisi na hewa ya Mombasa

Mawe yenye madini ya manganisi kutoka bara ya Kilifi hutufikia maabara hapa Mombasa kwenye magunia, na mara nyingi mwenyewe huja na jiwe lake teule mfukoni. Mzee mmoja wa Ganze alinitolea la kwake, zito, linang'aa. "Mwanangu, pima hili." Nikamwambia, "Baba, mnunuzi hanunui jiwe, ananunua gunia." Hakufurahi, ila alikubali nilisage gunia zima.

Wageni wakiingia maabara huenda moja kwa moja kutazama mashine ya eksirei, ile inayosoma asilimia ya madini kwenye sampuli. Mimi naona kazi kubwa iko chumba cha vumbi. Mawe yakishapondwa hadi chini ya milimita 2, usithubutu kuchota juujuu kwa kijiko: chembe nzito na nyepesi hujitenga, na ulichochota hakiwakilishi kitu. Tunamimina kwenye kisanduku chenye mifereji kinachogawa mzigo nusu kwa nusu, tunarudia mpaka libaki fungu dogo. Kinu tunakisafisha kwanza kwa kusaga mchanga mtupu wa kwazi, kisha sampuli inasagwa hadi sehemu kubwa ipite chekeche yenye matundu ya maikroni 75, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Hapo inashika vidole kama wanja. Barakoa haivuliwi, maana vumbi la manganisi likivutwa kwa muda mrefu hudhuru mishipa ya fahamu.

Kilichonitesa ni mizani. Msimu wa masika, sampuli ileile ikipimwa asubuhi na jioni ilitoa majibu mawili yasiyolingana, na kila mtu alilaumu mashine. Siku moja nikaacha unga uliotoka ovenini juu ya mizani, nikakaa kuutazama. Tarakimu za mwisho zilikuwa zinapanda zenyewe. Unga wa manganisi hunyonya unyevu, na hewa yetu hapa kisiwani haina choyo cha maji!

Tangu hapo unga unakaushwa kwa nyuzi 105, unafunikwa ungali moto, unapoa ndani ya mtungi wa kioo wenye jeli ya silika, chembe zinazonyonya unyevu. Kiyoyozi peke yake hakitoshi, msidanganyike. Na muda uleule ninaopima fungu la uchambuzi napima jingine la unyevu, ili hesabu yote irudi kwenye uzito mkavu. Borati ya lithiamu, unga ninaochanganya na sampuli ili iyeyuke, nayo naikausha, kwa sababu ikiwa na maji uwiano wake na sampuli unaharibika. Baada ya hapo vipimo vya asubuhi na jioni vikaanza kukubaliana.

Kuyeyusha mchanganyiko huo uwe kidonge cha kioo cha kuingiza kwenye mashine ni kwenye kikombe cha platinamu, takriban nyuzi 1,050. Napandisha moto polepole, kwani oksidi za manganisi hutoa oksijeni zikipashwa, na ukiharakisha kidonge cha kioo kinajaa mapovu. Mawe yenye madini ya risasi siyatii humo ng'o: risasi ikigeuka metali huungana na platinamu na kikombe kinatoboka. Hayo nayashindilia kuwa kidonge cha unga kwa nta.

Mzee wa Ganze alipopewa karatasi ya majibu aliisoma, akauliza mbona asilimia iko chini ya alivyotarajia. Nikamwonyesha mawe mekundu ya chuma yaliyokuwa chini ya gunia lake. Akaniomba nimfundishe mwanawe kuyachambua kabla ya kupakia.