Biti 24, kiloherzi 48, na taksimu iliyonipotea

Mzee anayenifundisha udi, ile ala ya nyuzi ya taarabu, anakaa Mkunazini, mjini Unguja, ghorofa ya pili. Hapigi kwa kuombwa. Hupiga nafsi yake ikitaka, na mara nyingi ni baada ya Isha, vespa zimeshapungua njiani. Usiku mmoja akanambia, "Haya mwanangu, washa hicho kidude chako." Nikawasha laptopu ninayorekodia, na kwa tamaa nikaweka kiloherzi 192, yaani sauti ipimwe mara 192,000 kwa sekunde, nikiamini namba kubwa ndiyo sauti nzuri.

Taksimu, yaani kipande anachokibuni mpigaji peke yake papo hapo, ikaanza chini, kwa kugusagusa nyuzi, ikawa inapanda taratibu. Dakika ya nne laptopu ikazidiwa. Kwenye hedifoni nikasikia tik, tik, kisha kimya, na huku mzee anaendelea kupiga. Nilipomuomba arudie akaweka udi ukutani. "Ile imeshapita."

Iliniuma, maana sikuwa na haja ya namba ile. Sikio la binadamu linakomea kama herzi 20,000, na umri ukienda linapungua. Kuinasa sauti kunataka sampuli, yaani vipimo hivyo, zaidi ya mara mbili ya mitetemo yake kwa kila sekunde, kwa hiyo hata zile 44,100 za CD zinafika. Mimi nachukua 48,000 kwa sababu ndizo zinazotumika kwenye video, na harusi zetu siku hizi zote zina video. Kwa stereo ya biti 24 hiyo ni kama megabaiti 17 kwa dakika. Ile 192 ilikuwa inakula 69, na laptopu yangu ni ya zamani.

Kwenye biti, yaani urefu wa namba inayoandika kila kipimo, ndiko nisikokubali kubana. Biti 16 zinakupa ngazi 65,536 za ukubwa wa sauti, yaani kama desibeli 96 kutoka chini hadi juu. Biti 24 zinapita milioni 16, desibeli 144 kwa hesabu, ingawa hakuna kifaa kinachozifikia zote. Taarabu inazihitaji: udi unanong'ona peke yake, mara dumbaki, ile ngoma, inaingia. Ukiiogopa dumbaki isipasue sauti, unashusha kila kitu, na udi unabaki kwenye ngazi za chini kabisa. Ninayo rekodi ya kidumbaki, ile taarabu ya kikundi kidogo, niliyoichukua Makunduchi kwa biti 16, chini mno. Kila nikiipandisha fidla, panapanda nayo mchakacho kama wa mchele unaopepetwa. Kwa biti 24 naacha vilele viishie desibeli 12 chini ya ukomo, silali na wasiwasi, na nikipandisha baadaye pako safi. Kushusha kwenda 16 kwa ajili ya CD ni kazi ya mwisho kabisa.

Mwezi uliopita aliniita tena. Biti 24, kiloherzi 48. Dakika kumi na moja, hakuna kilichokatika. Inasikika risha, kile kijiti cha kupigia, ikikwaruza uzi wa juu, na pumzi anayoivuta mzee kabla ya kupanda.