Kibla Wapi Hapa?

Juzi tulikuwa hitimani Kikwajuni. Adhuhuri ilipoadhiniwa wanawake tukapanga safu mle ukumbini, na nyuma kabisa vikasogezwa viti vya plastiki, safu nzima. Binti yangu akaniuliza kwa sauti kubwa: "Mama, mbona hawa wanasalia vitini? Bibi mtu mzima kuliko wao na anasali chini." Nikamfinya anyamaze, tukasali. Lakini alisema kweli. Baadhi ya wale waliokaa vitini nimesoma nao skuli.

Usiku wake nikamkumbuka Bi Mkubwa.

Ni ule mwaka wa mwanzo wa kazi yangu ya kufundisha mazoezi, nikifundishia uwani kwa mama, kabla sijapata chumba mtaa wa Mpendae. Wateja walikuwa wa kuhesabu. Kila niliyemwambia kwamba nafundisha mazoezi watu wa makamo kwa ada ya mwezi alinijibu neno moja: "Maisara bure." Na kweli ni bure. Unguja watu wanafanya mazoezi. Pita viwanja vya Maisara alfajiri utawakuta wake kwa waume, mitaani vikundi vinakimbia vikiimba, na kila Januari 1 tuna Siku ya Mazoezi yetu. Navipenda vikundi vile, nimekulia humo. Ila nilikuwa nikiona pia yanayompata mama wa miaka hamsini na kitu anayejitokeza siku ya kwanza na magoti yake yanauma: wenzake wanakimbia, yeye anabaki nyuma, anaona haya, humwoni tena. Huyo ndiye niliyemtaka. Nilikuwa na hakika yupo, tena wapo wengi. Nilichokuwa sikijui ni kitu gani hasa atakuwa tayari kukitolea pesa.

Bi Mkubwa aliletwa na mkwewe. Nilikuwa na karatasi ya kujaza, ina mahali pa uzito, kiuno, presha, sukari na dawa anazotumia mtu, na chini kabisa nimeandika: Unataka nini? Wote waliomtangulia walijibu tumbo. Tumbo lipungue, kuna harusi. Yeye aliisoma ile karatasi mpaka mwisho, akanirudishia bila kuandika kitu.

"Mwanangu, mimi nataka kusujudu."

Alikuwa na miaka minne anasali juu ya kiti. Hakuna aliyemlaumu, asiyeweza kusimama anasali kakaa, hilo kila mtoto wa chuo analijua. Lakini alisema kila akiinamisha kichwa pale kitini, paji la uso likabaki hewani, anahisi hajafika. "Nahisi sijafika," mara mbili, na mara ya pili alikuwa anajiambia mwenyewe.

Hospitali walimpiga picha wakamwambia gegedu la magoti, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, limelika, wakampa dawa za maumivu, wakamtaka apunguze uzito. Mtaani wakamwambia mafuta ya magoti yamekwisha, basi asiyatumie sana. Neno hili la mafuta limewakalisha watu wengi mno, na linaniuma mpaka leo. Goti lililolika linategemea misuli ya paja na ya makalio ilishike. Ukilipumzisha goti miaka minne, kinachokwisha ni ile misuli. Na umri nao unachukua chake: kuanzia miaka 30 hivi mwili hupoteza kama asilimia 3 hadi 8 ya misuli kila miaka kumi, na wanawake wengi huona kasi inaongezeka wakishakoma hedhi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, halikuishia kwenye zile dakika 150 kwa wiki ambazo kila mtu anazitaja. Limetaka pia mazoezi ya kutia misuli nguvu, siku mbili au zaidi kwa wiki. Habari za kutembea watu wanazo. Hizi za pili hazifiki uwani kwetu.

Nikamkalisha kwenye kiti, mikono kifuani, nikamwambia ainuke na kukaa kadiri awezavyo kwa sekunde 30. Kipimo hicho kinajulikana: mwanamke wa miaka 60 hadi 64 asipofika mara 12 ahesabiwe miguu yake imedhoofu. Bi Mkubwa alikuwa na 56. Bila kujisukuma kwa mikono hakuinuka hata mara moja.

Daktari wake akaandika kwamba anaruhusiwa, tukaanza. Hapa napita haraka, maana kazi yenyewe haina hadithi. Tulipandisha kiti kwa mito, akawa anakaa na kuinuka, halafu tukawa tunatoa mto mmoja kila akizoea. Kutoka kiti tukaenda kwenye stuli, kutoka stuli tukafika kwenye mbuzi ya mama ya kukunia nazi, na pale tulikaa sana. Vifundo vya miguu vilikuwa vigumu, vidole havikunjiki, kwa hiyo navyo vikapata zoezi lao ukutani. Maumivu tulikubaliana hivi: yakipoa ifikapo kesho yake, tunaendelea, goti likivimba, tunarudi nyuma hatua moja. Alikuja mvua za masika zikinyesha, na mwavuli.

Siku yenyewe ilikuwa Alkhamisi, Alasiri inakaribia. Buibui lake liko msumarini, yeye kavaa suruali pana na fulana ya mumewe, kanga kiunoni. Magoti yananuka mafuta ya karafuu, maana kuchua hakuacha na mimi sikumkataza. Mkekani hapana mbuzi, hapana mto. Alishuka kwa kushika kiti, akapiga magoti, akakalia nyayo zake. Mpaka hapo tulishapapata. Kuinuka ndiko kulikokuwa kunatushinda. Siku zote karibu na mwisho mkono wake ulitafuta kiti, au bega langu.

Nikakiondoa kiti. Akakitazama kinavyokwenda.

"Usende mbali," akaniambia.

"Nipo hapa, Bi Mkubwa."

"Lakini usinishike."

Akautoa mguu wa kulia mbele. Unyayo ukakaa mkekani, vidole vyenye hina vimeachana. Kiganja juu ya paja. Nikamwambia apeleke kifua mbele kwanza, asijivute juu. Akasema Bismillahi, akajisukuma, akafika nusu, akakwama. Nusu ile ndiyo pagumu kuliko pote: goti la nyuma limeshauacha mkeka, mguu wa mbele umebeba mwili mzima, na hapana pa kushika. Paja lilikuwa linatetemeka, naliona chini ya kitambaa. Mkono wake wa kushoto ukafunguka, ukawa unatafuta kitu hewani. Wangu ulishatoka kwenda kumpokea. Akasema, meno yameumana, "Niache." Ule mkono ukarudi, ukalala juu ya mwenzake pale pajani. Akabaki hivyo, sijui kwa muda gani, anapumua kwa mdomo. Kisha akapanda. Magoti yakanyooka, halafu nyonga, halafu mgongo, mpaka kichwa chake kikanipita. Ni mwanamke mrefu. Muda wote ule nilikuwa sijalitia akilini, kwa sababu kazi yetu ilikuwa chini.

Hakusema kitu. Kabla sijampongeza alishuka tena, akainuka mara ya pili, safari hii kwa mguu wa kushoto, ule mbovu zaidi. Mama yangu alikuwa amesimama mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Ndipo msikiti wa jirani ukaadhini.

"Kibla wapi hapa?"

Nikamwonesha mlango wa jiko. Kwetu Unguja Makka iko kaskazini, karibu moja kwa moja. Akaenda mferejini akatawadha, mama akamletea mswala na kanga za kusalia. Alasiri ni rakaa nne, sijda nane. Nilikaa kwenye ngazi nikazifuata zote. Kuinukia rakaa ya tatu alichelewa, nikabana pumzi, akainuka. Alipotoa salamu alibaki kakaa vilevile, halafu akaenda chini tena, sijda moja ya peke yake, ya shukrani, na ile ilikuwa ndefu. Mama akarudi jikoni akijifuta uso kwa mtandio. Mimi nililia waziwazi, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Wiki iliyofuata hakuja. Alimtuma mkwewe na ada ya mwezi, na sinia la vitumbua, na salamu: "Mwambie mwalimu nimefika."

Mtu akiniuliza biashara hii ilianza lini, naitaja Alkhamisi ile. Shoga zake walianza kuja kabla mwezi haujaisha, wala hakuna aliyenitajia Maisara. Nikaibadilisha ile karatasi, nikaweka juu kabisa: Kitu gani ulikuwa ukikifanya na sasa umekiacha? Mmoja aliandika kupanda boti kwenda Pemba kuwaona wazee wake, kwa sababu ya zile ngazi. Mwengine aliona aibu kuandika, akaninong'oneza: choo cha kuchuchumaa kwao shamba. Hakwenda kwao muda mrefu kwa ajili ya choo. Haya watu wanayalipia, na wanayalipia bila kuvutana bei, kwa sababu wanajua yanawagharimu nini.

Lakini Bi Mkubwa hakurudi, na hilo bado sijalimaliza moyoni. Binamu yangu anayenisaidia hesabu ameniambia zaidi ya mara moja: "Wewe unawaponya wateja, wakishapona wanaondoka. Biashara gani hiyo?" Anasema niuze ada ya mwaka, mtu afungwe. Sitaki kumfunga mtu. Ila najua pia kwamba misuli ni kitu cha kuondoka. Ukiiacha inakuacha, na mwanamke wa umri ule akilala kitandani wiki mbili kwa homa anaweza kupoteza kazi ya miezi. Kwa hiyo anahitaji kuendelea. Na nikimwambia aendelee, nitakuwa namwambia kama mwalimu wake au kama mtu anayesubiri ada?

Nilimpigia simu mara moja, baada ya kujishauri sana. Alifurahi. Nikamuuliza kama anafanya yale mazoezi nyumbani.

"Mwanangu, mimi sasa nasali chini. Mazoezi ndiyo hayo."

Nikakaa nikapiga hesabu. Fardhi za siku nzima ni rakaa 17, sijda 34. Maana yake kila siku anainuka kutoka chini mpaka juu mara 17, sunna hazijahesabiwa. Ninao wateja wanaonilipa vizuri na hawafikishi hizo. Kwa upande mwengine, mwili ukishazoea mzigo uleule hauongezi nguvu, unabaki pale, na akiba haiwekwi. Yeye ana haki na mimi nina haki. Nimewahi kulizungumza hili na mtaalamu wa fiziotherapia ninayemheshimu, naye akaniambia niwe na siku moja ya mwezi ya waliomaliza, waje nipime tu, bila malipo. Nimeianza. Wengine wanakuja, tunaweka kiti katikati, tunahesabu sekunde 30, tunakunywa chai. Bi Mkubwa bado.

Ramadhani haiko mbali, na tarawehe ni rakaa juu ya rakaa. Nitampigia kabla ya Shaabani kwisha. Akisema haji, nitamuuliza goti la kushoto linaendeleaje, na kama anainuka nalo bila kushika kitu.