Padi ya gemu, kibodi ya namba na mausi: nilivyopata kontrola ya kupiga singeli laivu kwenye Pure Data

Kontrola ya MIDI (lugha ambayo vyombo vya muziki vinaongea na kompyuta) ya maana, yenye pedi na vinobu, hapa Dar bei yake imechangamka, na ukiipata yuzdi unaambiwa kabisa pedi mbili tatu hazifanyi kazi. Mi nilikuwa na laptopu ya zamani yenye Linux, na vidude vitatu vya USB ambavyo vipo vipo tu nyumbani: padi ya gemu ya kichina muundo wa pleistesheni, kibodi ndogo ya namba zile wanazotumia wahasibu, na mausi ya kebo. Nilikuwa nataka kupiga singeli laivu, sio ile ya kubonyeza plei afu unasimama unatikisa kichwa, nataka mkono ukienda na sauti inaenda. Naandika hapa nilivyofanya mpaka ikakaa, na kilichonifungua macho ni kuangalia kila kidude kinatoa data ya aina gani kabla sijakipa kazi yoyote.

Kwa asiyeijua Pure Data, wengi tunaiita Pd tu, ni programu ambayo muziki unautengeneza kwa kuweka viboksi kwenye ukurasa mweupe na kuviunganisha kwa nyaya za kuchora, boksi hili linatoa namba, lile linageuza namba kuwa sauti, basi. Ni ya bure. Aliyeianzisha miaka ya 1990 ni Miller Puckette, huyo huyo aliyeandika Max, programu ya viboksi kama hii, pale IRCAM, kituo cha utafiti wa muziki cha Paris, miaka ya 1980, ndo mana ukiijua moja kwenye nyingine hupotei sana. Max ni ya kulipia na ina boksi lake la kusoma padi na mausi, linaitwa hi. Kwa Pd kuna boksi la hid la Hans-Christoph Steiner, enzi za Pd-extended lilikuwa linakuja humo humo, ila Pd-extended iliishia toleo la 0.43 na siku hizi ukilitaka unalitafuta kama nyongeza. Mi nilipita njia nyingine, naifikia.

Kabla hata ya kufungua Pd niliinstoli evtest. Ni kiprogramu cha terminali, unakiwasha kwa sudo kinakupa orodha ya kila kitu kinachoingiza chochote kwenye kompyuta, unachagua namba ya kidude chako, afu kazi yako ni kubonyeza na kutazama. Kaa nacho hata nusu saa, hutojuta. Kibodi ya namba inatoa 1 ukibonyeza na 0 ukiachia, na ukishikilia inaanza kutema 2 2 2 2 bila kupumzika, hiyo 2 ni Linux inarudia herufi kama unavyoshikilia batani kwenye kuandika, ukiiacha ikapita kiki yako, yaani ile ngoma nzito ya chini, inageuka bunduki. Analogi za padi, vile vijiti vya kusukuma kwa kidole gumba, zinatoa namba kuanzia 0 mpaka 255, ukiiachia inarudi katikati kwenye 127 au 128, na ukisukuma juu namba inashuka kwenda 0, kwa hiyo huo mhimili wa juu na chini lazima uugeuze kwanza, toa kwenye 255. Na hapo hapo ujue kinobu cha kawaida cha MIDI kina hatua 128 tu, yaani hii padi ya kichina ina hatua mara mbili ya kinobu. Mausi ndo kabisa, haijui iko wapi, yenyewe inasema tu nimesogea 3 kulia, nimesogea 5 kushoto, nimesogea 1.

Kwa hiyo una swichi, una mahali, na una mwendo. Ukishayashika hayo matatu mengine yote ni kupanga.

Padi yangu analogi ya kushoto ikiwa imetulia ilikuwa inasoma 139, haigusi 128. Nikaipeleka kwa fundi mmoja anayetengeneza padi za vibanda vya gemu mtaani kwetu, nikamwambia kaka hii inatembea yenyewe, akaizungusha kidole kidogo tu akasema, "Mdogo wangu hii imelika ndani, nikikubadilishia ntakuwekea ya padi iliyokufa nayo itakuja kulika, we nenda nayo hivi hivi." Basi nikaenda nayo hivi hivi na shida nikaimalizia kwenye Pd, kuna boksi la expr unaliandikia hesabu, nikaliambia umbali kutoka 139 ukiwa chini ya 12 toa sifuri, ukizidi toa tofauti yenyewe. Analogi ikiwa imetulia inakuwa imetulia kweli.

Sasa ruhusa. Hapa watu wengi wanakwama wanaona Linux mbaya. Padi inafunguka bila shida kwa sababu mfumo unampa aliyeingia kwenye mashine ruhusa ya kusoma padi za gemu, lakini kibodi na mausi zinagoma, Permission denied, na ina maana yake mana programu yoyote inayosoma kibodi moja kwa moja inasoma na paswedi zako. Dawa ni kujiingiza kwenye kundi la input, sudo usermod -aG input ikifuatiwa na jina lako, afu unatoka kabisa unaingia upya, kufunga terminali na kufungua haitoshi. Mi nimefanya hivyo kwenye laptopu ya muziki tu, ile ya kazini siigusi. Kingine, usitumie jina la event5 au event7, ukichomoa ukichomeka namba inabadilika, ingia kwenye folda la /dev/input/by-id utakuta majina marefu yanayoishia na kbd, mouse au joystick, hayo hayahami. Ila kama una padi mbili pacha za kichina majina yatagongana, hapo tumia by-path, inafuata tundu la USB lenyewe.

Kilichonipeleka njia nyingine ni hiki: kibodi ya namba kwa kompyuta ni kibodi tu, nikipiga kiki namba 1 inaandikwa humo humo kwenye pachi, yaani ule ukurasa wa viboksi ninaoutazama, na nikisogeza mausi ya skrachi (kukwaruza sauti kama madj na santuri) mshale unakimbia unaenda kuvuta boksi ambalo sikutaka liguswe. Python ina maktaba ya evdev yenye amri ya grab, ukiigrab kifaa kinakuwa chako peke yako, kompyuta nzima inakiona kama hakipo. Skripti yenyewe ni fupi, inafungua vitu vyote vitatu, inavigrab kibodi na mausi, tukio lenye thamani ya 2 inalitupa, na kila linalobaki inalituma Pd kwa maandishi ya kawaida. Pd ina boksi la netreceive, unaliandikia namba ya mlango, mi nimeweka 3000, na linapokea mstari kama kp 79 1; kutoka kwenye skripti. Hiyo nukta mkato ya mwisho ndo inaiambia Pd ujumbe umeisha, ukiisahau utakaa unasubiri mpaka asubuhi. 79 ni kodi ya batani ya namba 1 kwenye zile za pembeni, na 1 ya mwisho ni kwamba imebonyezwa. Baada ya hapo ni boksi la route linatenganisha kp, padi na mausi kila mmoja anaenda kwake.

Kibodi ya namba nikaipa ngoma, mana swichi kazi yake ndo hiyo. Lakini hizi kibodi za bei ya chini ndani zina nyaya za mistari na nguzo na hazina dayodi, kile kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ukibonyeza batani tatu ambazo ni kona tatu za mraba kwenye zile nyaya, kibodi inashindwa kujua kama ya nne imebonyezwa au la, kwa hiyo ya tatu inaizuia isipite. Na hata zikipita zote, ripoti ya kawaida ya kibodi ya USB ina nafasi ya batani 6 kwa wakati mmoja ukiacha zile za Shift na wenzake. Kwa ngoma 6 zinatosha, tatizo ni hizo kona. Nikarudi kwenye evtest nikawa nabonyeza tatu tatu naangalia ipi inamezwa, mana mpangilio wa nyaya ndani sio lazima ufanane na unavyoona juu, mpaka nikapata sehemu ambayo kiki, sneya na haihati hazigombani. Kitu ambacho sikutegemea ni batani ya 000. Kwa kompyuta ile sio batani mpya, inatuma 0 mara tatu kwa haraka sana, na 0 mi nimeipa sneya ya mchiriku, kwa hiyo kidole kimoja kinatoa roli ambayo kwa mkono siiwezi. Kwenye singeli hiyo unaitumia mpaka unaambiwa punguza.

Analogi ilinisumbua zaidi kuliko kimoja chochote, na sio kwa ajili ya kulika. Ina springi. Ukiipa volyumu au filta (kile kinachokata sauti nyembamba au nzito) moja kwa moja, ukiachia tu kila kitu kinarudi katikati, maana yake mkono mmoja umefungwa hapo wimbo mzima. Nilichofanya, ile ya kushoto nikaipa vitu ambavyo vinatakiwa kurudi nyumbani vyenyewe, yaani spidi ya lupu, kile kipande cha sauti kinachojirudia, nikivuta kushoto lupu la kinanda linazama, nikiachia linarudi kwenye spidi yake, safi kabisa, pale springi inakufanyia kazi. Ya kulia nikaigeuza iwe inaendesha badiliko badala ya mahali: boksi la metro linapiga kila milisekunde 20, kila ikipiga inachukua umbali wa analogi kutoka katikati, inaugawa uwe mdogo, inaujumlisha kwenye namba iliyopo, na boksi la clip linaizuia isitoke nje ya 0 na 127. Nikisukuma kidogo filta inafunguka pole pole, nikisukuma sana inakimbia, nikiachia inabaki pale pale ilipofika. Toka hapo mkono ukawa huru. Namba inapita boksi la mtof kuwa herzi, afu boksi la line~ linailainisha kwa milisekunde 20 ndo inaingia vcf~, ambayo ndo filta yenyewe, na nimechagua vcf~ kwa sababu inakubali masafa yaje kama sauti, filta nyingine ya lop~ haikubali, ukiilisha namba zinazoruka ruka utasikia mikwaruzo midogo midogo kila ukisogeza.

Mausi nikaipa skrachi. Skripti inatuma ile 3, ile -5, Pd inajumlisha inapata sehemu ya kusoma kwenye sampo, yaani sauti iliyorekodiwa, boksi la tabread4~ linasoma hapo. Mausi ya kawaida ya USB inaripoti kila milisekunde 8, kwa hiyo line~ nayo nimeiwekea 8, ukiweka ndogo zaidi sauti inakatika katika, ukiweka kubwa inakuwa kama mkono una usingizi. Gurudumu la mausi linatoa 1 au -1 kwa kila mlio wa kidole, hilo nimelipa tempo, biti moja juu biti moja chini, unaweza kupandisha kutoka 200 mpaka 240 bila kuangalia skrini.

Na hiyo tempo ndo inakulazimisha uangalie ucheleweshaji. Kwa biti 240 kwa dakika pigo moja ni milisekunde 250, robo yake ni 62.5, sasa kama kutoka kidole mpaka spika kuna milisekunde 40 au 50 umeshafika karibu na pigo linalofuata, utajiona mbovu kumbe mashine. Pd kwenye mipangilio ya sauti ina sehemu ya delay, mi nimeishusha mpaka 12, chini ya hapo laptopu yangu inaanza kukohoa, na waifai nazima. Padi za bluutuu sizitaki kwenye jukwaa, nazikubali nyumbani tu.

Nilivyopiga kwenye shughuli ya kwanza mtu akapita akakanyaga kebo ya padi ikachomoka, na namba ya mwisho iliyokuwa imefika Pd ni analogi ikiwa imevutwa kushoto kabisa, kwa hiyo lupu likabaki limezama chini huko na mimi sina cha kulirudishia. MC akadhani ni mbwembwe, akaendelea kuchana. Siku hizi skripti kifaa kikipotea inatuma yenyewe namba ya katikati kwa kila mhimili na 0 kwa kila batani, afu inakaa inajaribu kukifungua tena kila sekunde kupitia lile jina la by-id. Ukichomeka inaendelea ilipoishia. Kebo zenyewe nazifunga kwa selotepu mguuni pa meza, na habu ya USB nimenunua yenye umeme wake, mana laptopu ina matundu mawili na moja ni la kadi ya sauti.