Shabiki anapomlangua shabiki mwenzake

Kuuza kwa bei ya juu kuliko uliyonunulia si jambo la kumshangaza mtu wa pwani, na ningekuwa mnafiki kama ningeanza kwa kuilaani faida. Amu, yaani Lamu, ni mji uliosimamishwa na wafanyabiashara. Nyumba zake za mawe na milango yake ya nakshi, ambayo wageni hawachoki kuipiga picha, ni fedha za watu walionunua huku wakauza kule. Kinachonikera ni kitu chembamba zaidi. Ni ile tabia iliyoenea miongoni mwa mashabiki wa muziki ya kununua fulana, kofia, mabango na kadi za picha zinazouzwa kwa idadi maalumu kwenye matamasha, si kwa nia ya kuzivaa wala kuzitundika chumbani, bali kwa nia ya kuwauzia mashabiki wenzao kwa bei mara tatu au nne, kisha mtu huyo akaendelea kujiita mpenzi wa msanii yuleyule na ndugu wa wanunuzi walewale.

Mfano uliosikika zaidi duniani ni ziara ya mwimbaji wa Marekani Taylor Swift iitwayo Eras, iliyoanza Machi 2023 huko Glendale, Arizona, ikamalizika Vancouver Desemba 2024 baada ya maonyesho 149. Miongoni mwa bidhaa zake palikuwa na sweta la buluu la dola 65 ambalo liligeuka kitu cha kuwindwa. Katika miji kadhaa malori ya bidhaa yalifunguliwa siku moja kabla ya onyesho, hata kwa wasiokuwa na tiketi, na watu wakapanga foleni kabla ya mapambazuko ili walipate. Muda si muda masweta hayohayo yalionekana kwenye soko la mtandaoni la eBay yakidaiwa mamia ya dola. Kwenye tiketi tumezoea kuwalaumu walanguzi wenye programu za kompyuta zinazonunua viti kwa maelfu ndani ya dakika chache. Hapa baadhi ya wauzaji walikuwa watu waliosimama kwenye foleni ileile, wakiimba nyimbo zilezile na wale waliokuja kuwauzia baadaye.

Korea Kusini mambo yamekwenda mbali zaidi, kwa sababu huko uhaba umetiwa ndani ya bidhaa yenyewe. Albamu ya kundi kama BTS, lenye wanamuziki saba, huja na kadi ya picha ambayo mnunuzi hajui ni ya nani mpaka afungue, kwa hiyo anayempenda mmoja tu hulazimika kununua albamu nyingi, au kubadilishana na wenzake, au kuinunua kadi anayoitaka kwa aliyebahatika kuipata. Kubadilishana ni mchezo mzuri na sina neno nao. Lakini kipande cha karatasi kinachoingia kwenye pochi kikishapata bei ya sokoni, hata yule aliyekuwa radhi kukitoa kwa kubadilishana huanza kupiga hesabu.

Haya nisingeyajali sana lau yangebaki huko ng'ambo. Binti wa kaka yangu, aliye kidato cha tatu, alinijia barazani na simu mkononi baada ya tamasha kubwa lililofanyika Nairobi, ambalo hakuna aliyetazamia kwamba angelihudhuria, maana nauli peke yake ingetosha kumnunulia sare ya shule. Alichokitaka ni fulana ya tamasha hilo. Siku yenyewe ukumbini iliuzwa shilingi 2,500 na ikaisha kabla msanii hajapanda jukwaani. Sasa ilikuwa imetangazwa na dada mmoja kwenye kundi la mashabiki kwa shilingi 9,000, bila kuhesabu gharama ya kuituma. Picha ilionyesha fulana sita zimetandazwa juu ya kitanda, saizi mbalimbali, kila moja ndani ya mfuko wake wa plastiki, na karatasi ya bei ya ukumbini bado inaning'inia shingoni. Muuzaji hakuona haja hata ya kuificha. Mazungumzo yao yalikuwa mafupi.

“Dada, bei ya mwisho ngapi?”

“Mpenzi, hiyo ndiyo ya mwisho. Hata mimi ni shabiki, nakuelewa kabisa, lakini kuna mtu wa Eldoret anaisubiri.”

Mtoto akaniuliza, “Shangazi, kama ni shabiki, hizo sita anazivaa na nani?”

Nimelipima swali hilo kwa namna nyingi, na naliona limegusa mahali penyewe. Sina ugomvi na dada yule kwa kutaka faida; nina ugomvi naye kwa zile fulana tano. Alipozichukua, watu watano waliokuwa nyuma yake kwenye foleni walifika mezani wakaambiwa zimekwisha, na uhaba ule ndio uliompa bei yake. Mtu anayeleta kitu mahali kisipokuwapo amefanya kazi. Mtu anayekiondoa mahali kilipokuwapo, kisha akakaa nacho hadi wenye haja wataabike, amefanya nini hasa kinachostahili shilingi 6,500?

Tofauti hiyo si ya kinadharia kwetu sisi tunaoishi kisiwani. Kitu kilichoagizwa kutoka Seoul au London hakifiki Amu kwa hisani. Kuna gharama ya kukisafirisha, kuna ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, kuna ada ya kukibadilishia fedha, kisha kuna basi la kukileta kutoka Mombasa au Nairobi hadi Mokowe, na boti ya kukivusha. Wapo mashabiki, wengi wao wasichana wenye subira ya ajabu, wanaojitolea kukusanya maagizo ya wenzao kumi au ishirini, wakaagiza mzigo mmoja, wakagawana gharama kwa uwiano, wakaonyesha risiti na kujiwekea ada yao iliyojulikana tangu mwanzo. Fulana ya shilingi 2,500 kwa njia hiyo inaweza kumfikia mteja kwa 3,500 au 4,000, na yeyote anayemwita mwagizaji huyo mlanguzi hajawahi kufuatilia kifurushi kilichopotea. Bei ya juu, basi, peke yake si ushahidi wa kitu. Ushahidi ni pale muuzaji anaposhindwa kukueleza ongezeko limetokana na nini isipokuwa kwamba zimekwisha.

Tunalijua jambo hili katika arusi zetu. Familia huchagua leso moja iwe sare, huagizwa kwa korja, na kila jamaa huarifiwa mapema anunue doti yake. Hutokea leso ikaisha dukani huku shemeji fulani wa Mpeketoni hajapata, na hutokea pia kwamba jamaa mwingine ana doti tatu zilizofungwa kabatini. Akimpa moja kwa bei aliyonunulia, hakuna atakayelizungumza. Akimwuzia kwa bei maradufu, atavaa sare na kupiga vigelegele pamoja na wengine, lakini habari yake itatembea mitaani kabla ya biharusi kutolewa nje. Hakuna sheria aliyoivunja. Amewageuza wateja watu aliokuja kusherehekea nao, na watu wanajua.

Tena ni kweli kwamba sheria haimgusi. Mwaka 1908 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya mchapishaji wa vitabu aliyekuwa ameandika ndani ya kitabu kwamba asiuze mtu kwa chini ya dola moja, na duka moja kubwa likakiuza kwa senti 89. Mahakama ikasema mchapishaji akishauza nakala yake hana tena mamlaka ya kuamua bei ya mwenye nayo. Kilichompa muuzaji wa bei nafuu uhuru wake ndicho kinachompa leo uhuru mlanguzi wa sweta. Nchi chache zimejaribu kuweka mpaka, lakini ni kwa tiketi: Japani ina sheria tangu 2019 dhidi ya kuuza tena tiketi kwa bei ya kulangua, na Ayalandi ilipitisha yake mwaka 2021 ya kuzuia bei ya kuuzia tena isipite ile ya mwanzo. Fulana si tiketi. Haina kiti wala jina la mwenyewe, na sioni bunge lolote likiketi kuijadili.

Wale watakaoniambia kwamba dini imekataza kuhodhi nawaomba waende polepole. Madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi wetu hapa, huufungamanisha ukatazo huo na chakula, kile ambacho watu wakikikosa hudhurika. Ni wafuasi wa Imamu Malik walioupanua ukaingia katika bidhaa nyingine. Hakuna aliyekufa kwa kukosa sweta la buluu. Ninachokizungumza hapa kiko chini ya haramu na juu ya kawaida, yaani ni uungwana, na uungwana haupelekwi kwa kadhi.

Wapo wanaosema kuwa bei ya mlanguzi inathibitisha tu kwamba msanii aliuza kwa bei ya chini mno. Hoja hiyo inasahau fedha zinakwenda wapi. Katika ile shilingi 2,500 ya ukumbini palikuwa na sehemu ya mshonaji, ya mpiga chapa, ya msanii, na mara nyingi ya ukumbi wenyewe, kwa kuwa kumbi nyingi hukata fungu la mauzo ya bidhaa; malalamiko ya wanamuziki kuhusu makato hayo yalifika mbali hata Septemba 2023 kampuni ya matamasha ya Live Nation ikatangaza kuyaacha katika kumbi zake ndogo kadhaa za Marekani. Katika zile 6,500 za juu, msanii hapati hata senti. Anayedhani anamuunga mkono mwimbaji wake kwa kulipa 9,000 amemuunga mkono mwenye kitanda.

Hata hivyo siwezi kuwaacha wasanii na kampuni zao wakapita kimya kimya, kwa sababu uhaba wenyewe mara nyingi ni wa kupangwa. Kuchapisha fulana elfu moja zaidi si kazi ngumu. Fulana zinazouzwa wakati wa tamasha letu la utamaduni, wakati wa mashindano ya punda na ya mashua, sijapata kuona mtu akizihodhi, kwa sababu inayofahamika na kila mtoto: mpiga chapa yupo hapahapa, na zikiisha leo atachapisha nyingine kesho. Kampuni kubwa hupenda kutangaza kwamba zimebaki chache, maana neno hilo huwatia watu haraka na kuwazuia kufikiri, na zinapolalamika baadaye kuhusu walanguzi ni vigumu kuzihurumia.

Anayetaka kweli kuzuia hujaribu, japo hafaulu kote. Mwaka 2023 bendi ya The Cure, chini ya mwimbaji wake Robert Smith, ilitaka tiketi za ziara yake ya Marekani zisiweze kuhamishwa kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, lakini katika majimbo ya New York, Illinois na Colorado haikuweza, kwa kuwa sheria za huko humlinda anayetaka kuuza tena. Kwa bidhaa dawa ni nyepesi zaidi. Wajapani wengi huuza kwa maagizo: dirisha hufunguliwa kwa muda uliotangazwa, kila anayetaka huagiza na kulipa, kisha ndipo vitu hutengenezwa kwa idadi ya walioagiza na kutumwa baada ya wiki au miezi. Mlanguzi hana cha kushika, kwa sababu hakuna aliyeambiwa zimekwisha. Anayebaki na hamu ya kitu cha usiku uleule, chenye tarehe na jina la ukumbi, anaweza kuwekewa alama ndogo tofauti kwenye zile zilizouzwa mlangoni, na wanaopenda majivuno ya kwamba walikuwapo wakabaki nayo.

Wanamuziki wetu wa Afrika Mashariki wana nafasi nzuri ya kulifanya hili, kwa kuwa mashabiki wao wengi hawawezi kabisa kufika ukumbini na tayari wamezoea kulipa kwa simu kabla ya kukiona kitu. Wakiliacha pengo, litajazwa na mmoja wa wawili: dada mwenye fulana sita, au fundi wa chapa wa mtaani atakayeipakua picha na kuibandika kwenye fulana ya mtumba kwa shilingi 700. Huyu wa pili, ambaye Kenya ina sheria dhidi ya bidhaa zake bandia tangu 2008, angalau hajamnyang'anya mtu nafasi kwenye foleni, ingawa wino wake haustahimili kufuliwa mara ya pili.

Binti wa kaka yangu hakununua. Nilimwambia kwamba niko tayari kumtolea 4,000 kwa yeyote atakayeonyesha risiti na hesabu ya usafirishaji, na kwamba bei za namna hii hushuka ziara ikipita na msanii mwingine akichukua zamu. Ameliandika sharti hilo kwenye kundi lao neno kwa neno. Wawili wamemjibu, mmoja kwa matusi.