Ruhusa ilikuwa ya maua, mboga zikapenya

Nyumba ninayopanga Kigamboni ina uwanja wa mbele mpana kuliko vyumba vyangu vyote viwili, na mama mwenye nyumba alinipa sharti mapema: "Maua panda utakavyo mwanangu, ila shamba mbele ya nyumba yangu sitaki." Simlaumu. Kwetu mbele ya nyumba ni mahali pa ukoka, paving na viti vya plastiki. Mboga hupelekwa uani. Lakini uani kwetu kuna chemba ya choo, kamba za nguo za wapangaji wote, na ukuta wa jirani unaoleta kivuli mapema, kuanzia saa nane mchana. Jua liko mbele. Basi nikaanza na maua kweli, na mboga zikaingia katikati yake kidogokidogo.

Kazi ya kwanza ilikuwa mchanga. Anayekijua Kigamboni anaelewa: unamwaga ndoo nzima, ukigeuka kuirudisha kisimani pameshakauka. Nilipata mbolea ya kuku kwenye banda la kuku wa kisasa la mtaani, mifuko ya salfeti imejaa kinyesi kilichochanganyika na maranda. Mbolea ya namna hiyo ukiitia mbichi inaunguza miche. Niliilundika kwenye kona, nikawa nailowanisha na kuigeuza chini ya turubai mpaka ikapoa na kuacha kuchoma pua, ndipo nikaichanganya na mchanga. Matuta ya kuinua sikutengeneza. Nilichimba vitalu vya kuzama, kina cha kiganja, ili maji yatulie badala ya kukimbilia kwenye njia ya getini.

Maji ya kisima chetu yana chumvi, na hilo ndilo lililonichagulia mboga. Maharage yanaanza kukauka kingo za majani kabla hayajatambaa. Spinachi haina habari. Ni ukoo mmoja na biti, na babu yao anaota pwani ya bahari. Mchicha unavumilia pia. Maji ya bomba yakitoka nayahifadhi kwa ajili ya miche michanga, na maji ya kuoshea mchele yote yanaishia bustanini.

Sasa maua. Ua la kwanza lilikuwa marigodi, yale ya rangi ya chungwa ambayo Wahindi hutunga mashada. Watu hukwambia panda moja kila pembe ya kitalu na wadudu watakimbia harufu. Mimi siamini sana habari ya harufu. Kazi ya marigodi iko chini, kwenye mizizi: inatoa kemikali inayoua minyoo fundo, hawa wadogo wasioonekana kwa macho, ambao ukimng'oa bamia aliyedumaa unakuta wameifanya mizizi yake uvimbeuvimbe. Udongo wa kichanga ndio wanaoupenda. Lakini mmea mmoja pembeni hausafishi kitalu. Inabidi marigodi ijaze kitalu chote, shina na shina shubiri moja, ikae miezi miwili au zaidi, kisha uikate na kuiacha mizizi ioze humohumo. Mboga inafuata baada ya hapo, si sambamba. Kwangu hili lilikuwa jema mara mbili, maana miezi hiyo yote mbele ya nyumba palikuwa pamewaka rangi ya chungwa, na mama mwenye nyumba akija kuchukua kodi alikuwa anasimama getini anapiga picha.

Baada ya marigodi nikatia bamia. Kama hujawahi kulitazama ua la bamia, litazame asubuhi kabla ya jua kali: petali tano za njano ya maziwa, laini kama karatasi ya sigara, na katikati doa zito la rangi ya zambarau iliyoiva. Kufika jioni limeshasinyaa. Mama alifika saa mbili asubuhi moja, bamia zimefika kifuani na zimechanua, akaniita nje. "Hili ua la njano ulilitoa wapi? Nitafutie mbegu." Nikamwambia, "Mama, hilo ni bamia." Alilitazama kwa muda, akainua jani moja, akaliona tunda limesimama wima chini yake. Akacheka mpaka akakaa barazani. Siku hiyo aliondoka na bamia za kutosha mlenda, na tangu hapo neno shamba sijalisikia tena.

Ua ninalolitegemea zaidi halionekani hata kama ua. Ni giligilani. Kwa joto la Dar es Salaam giligilani haikawii kupanda juu na kuchanua, na watu wengi hulalamika kwamba imeharibika kabla hawajaila. Mimi naiachia makusudi. Vile viua vyake vyeupe vidogo vina kina kifupi, na nzi wembamba wenye mistari kama ya nyuki, wale wanaosimama hewani pasipo kusogea, wanakuja kunywa hapo. Wakishashiba wanataga kwenye majani yenye wadudu mafuta, vile vidudu vidogo vinavyofyonza utomvu wa mmea, na viluwiluwi vyao ndivyo vinavyowala wadudu mafuta. Pamoja na nzi hao wapo wale wadudu wa mviringo wenye mgongo mwekundu na madoa meusi, nao pia hula wadudu mafuta. Mtu akiwaona wakubwa anawapenda. Watoto wao anawaponda. Mtoto wao ni kidudu cheusi kirefu, mwili wa magambamagamba, madoa ya chungwa ubavuni, kinatembea juu ya jani la kunde kama mwenye haraka. Kijana aliyekuwa ananisaidia kumwagilia alikuwa anavikamua kwa vidole akidhani ananifanyia hisani. Nilimwonyesha kimoja kikimtafuna mdudu mafuta hadi ngozi, akaacha.

Ndiyo maana sipigi dawa. Wadudu mafuta wakizidi kwenye kunde, nawapiga maji kwa nguvu ya mpira, au povu jepesi la sabuni ya mche jioni, kwenye shina lililoshambuliwa tu. Dawa ya dukani haichagui adui na rafiki.

Mrehani nimeupanda kwa sababu ya bibi wa nyumba ya pili, mtu wa Tanga, anayekuja kuchuma wa kutia kwenye kikuba, kile kifungu cha maua ya kunukia, akiwa na shughuli. Wanaosema unafukuza inzi weupe kwenye nyanya wana bahati kuliko mimi. Kwangu walitua juu ya nyanya mrehani ukiwa pembeni unanukia. Ila ukichanua unajaa nyuki kutwa. Bilinganya ina mgeni wake peke yake, yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao za kenchi. Chavua ya bilinganya imefungiwa ndani ya vijibomba vyenye tundu nchani, haitoki mpaka litikiswe ua. Nyuki huyu analikumbatia na kunguruma, ukisikiliza karibu sauti inabadilika. Mafundi wanamchukia. Mimi nimemwachia nguzo kuukuu karibu na geti.

Maua ya dukani yenye petali zilizorundikana nilishayaacha, maana nyuki hapati njia ya kufikia utamu. Vilevile alizeti naiweka ukutani peke yake: inavuta nyuki kwa ajili ya matango, lakini inanyonya maji ya kila kilicho jirani yake.

Palipobaki pagumu ni nyanya. Kantangaze, mdudu wa nyanya mwenye asili ya Amerika ya Kusini aliyeingia nchini mwaka 2014, anajichimbia ndani ya jani na ndani ya tunda, ambako si watoto wa nzi wa giligilani wala wa wale wa mgongo mwekundu wanaomfikia. Nilikuwa nachuma majani yenye michirizi na kuyafungia kwenye mfuko mweusi juani, lakini jirani zangu wana nyanya pia, na kipepeo wake haheshimu ukuta. Sehemu yake sasa nimepanda pilipili mbuzi, nyanya nanunua gengeni.