Maswali ya Wageni Ndiyo Yaliyoijenga Tovuti Yetu

Nyumba yetu ya wageni iko Mkomani, Lamu, na ina vyumba sita. Kabla ya kulipa hata shilingi moja ya tovuti tuliyo nayo sasa, nilifungua WhatsApp ya biashara, nikanakili kwenye daftari kila swali tuliloulizwa kwa miezi mitatu. Yaliyojirudia hayakufika kumi: bei ni ngapi na inajumuisha nini, tunafikaje kutoka uwanja wa ndege, kuna feni au eyakondishena, ngazi ni nyingi kiasi gani, tunalipaje, na mwezi wa tano mko wazi? Kila swali likapata sehemu yake kwenye tovuti. Lisiloulizwa na mtu sikuliandika, ndiyo maana hatuna ukurasa wa “dira na dhamira”.

Wenzangu wengi wa biashara huuliza tovuti ya nini ilhali Facebook na Instagram ni za bure. Hizo nazitumia kila siku na sijaziacha. Lakini mgeni aliye Nairobi au Ujerumani anapotaka kujua bei saa nane ya usiku, picha niliyoiweka mwezi uliopita imeshazama chini ya nyingine hamsini. Tena tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima zote pamoja kwa takriban saa sita. Mwenye biashara aliyekuwa na hizo tatu tu hakuwa na mlango hata mmoja wa kubishwa hodi.

Halafu kuna kamisheni. Mawakala wa mtandaoni wa kuweka nafasi za vyumba hukata kama asilimia 15, wengine zaidi. Chumba cha shilingi 6,000 kwa siku nne ni shilingi 24,000, na 3,600 zinakwenda kwa wakala. Kwa mgeni asiyetujua kabisa nalipa kwa moyo mweupe, maana wakala ndiye aliyemleta. Ila wageni wengi wakishaiona nyumba kule, hulitafuta jina lake kwenye Google. Wakiikuta tovuti yenye bei na namba ya simu, wanatupigia moja kwa moja. Na aliyewahi kulala kwetu hana sababu ya kurudi kupitia kwa mtu wa tatu.

Jambo la kwanza kulisimamia mwenyewe ni domeni, yaani jina la tovuti. Majina ya .ke husimamiwa na KeNIC, na unayanunua kwa wakala wa usajili. Biashara nyingi huchukua .co.ke. Ni malipo ya kila mwaka, na ndiyo gharama ndogo kuliko zote. Tovuti yetu ya kwanza ilipotea hapo. Aliyetutengenezea aliisajili domeni kwa jina lake na barua pepe yake, akahama, muda wa malipo ukapita, tovuti ikafa msimu wa kaskazi vyumba vikiwa vimejaa. Sasa msajiliwa ni biashara yetu, neno la siri tunalo wenyewe, na fundi nimempa ruhusa ya kuingia kwenye tovuti tu. Pia barua pepe iliyoandikwa kwenye usajili isiwe ile ya domeni hiyohiyo. Domeni ikikatika, barua pepe nayo inakatika, na onyo la kulipa halikufikii kamwe. Sisi tumeweka ya Gmail, na mwezi mmoja kabla ya tarehe simu yangu inanikumbusha.

Picha ndizo zilizonichukua muda mrefu zaidi. Picha moja ya simu ina megabaiti 3 hadi 5. Ukurasa wenye picha kumi za namna hiyo unakula megabaiti 40, na mgeni aliyesimama gatini Mokowe, upande wa bara, akitumia bando hatasubiri; ataufunga. Kila picha nimeipunguza hadi upana wa pikseli 1,600, nikaihifadhi kwa mtindo wa WebP, ikabaki chini ya kilobaiti 200. Kwenye simu huoni tofauti. Kupiga nako kuna kanuni zake. Vyumba vya nyumba zetu za mawe ni virefu na vyembamba, na mwanga unatoka upande wa kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba. Ukisimama ukielekea dirishani, chumba kinatoka cheusi na dirisha linawaka. Mimi husimama nikiwa nimeupa mwanga mgongo, saa tatu asubuhi, simu nikiwa nimeilaza na kuishika usawa wa kifua. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, hutoka vizuri sana saa hiyo kwa sababu mwanga unaingia kwa pembeni na kivuli kinachora kila pambo. Napiga pia ngazi zenyewe na choo. Mgeni mwenye goti bovu akiziona ngazi kabla ya kulipa, hatutagombana akifika.

Ukurasa wa “Jinsi ya kufika” ndio ninaouona kuwa wa thamani kuliko yote. Nyumba za mji wa kale hazina namba, na ndani ya vichochoro vyenye kuta ndefu simu haioni anga vizuri, kwa hiyo alama ya ramani inaruka hata nyumba kadhaa. Usiiweke kwa kubonyeza “mahali nilipo”. Fungua picha ya angani, utafute paa lako, uiweke alama kwa kidole. Kisha andika njia kwa maneno, kama ambavyo ungemwelekeza mtu kwa mdomo: ndege inatua Manda, unavuka kwa boti hadi gati la Lamu, wa basi wanashuka Mokowe nao wanavuka. Kutoka gatini ingia Mkunguni mpaka uione Ngome mbele yako, geuka kulia ushike Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kuelekea Mkomani. Hapo naweka picha ya kila kona ya kukunja, na ya mwisho ni ya mlango wetu na daka lake, yaani kibaraza cha mlangoni. Mahamali, wale wabeba mizigo, nao wamezizoea picha hizo. Mgeni anawaonyesha simu tu.

Wasifu wa biashara kwenye Google ni wa bure na unakwenda sambamba na tovuti. Mara nyingi uthibitisho wake hutakiwa kwa video: onyesha njia ya nje, jina la nyumba mlangoni, kisha fungua mlango kwa ufunguo, yote bila kukata. Jina, simu na saa za kazi viandikwe herufi kwa herufi kama vilivyo kwenye tovuti.

Malipo. Mgeni wa Kenya analipa amana ya asilimia 30 kwa namba ya Lipa na M-Pesa, na tovuti inamwambia ni jina gani litatokea kwenye ujumbe. Sentensi hiyo moja inawaokoa watu, kwa kuwa matapeli huiba picha za nyumba na kudai amana kwa namba zao. Wageni wa ng’ambo wengi hawana M-Pesa, kwa hiyo wape njia ya kadi au ya benki, usiwaache wakikisia. Fomu yetu inauliza jina, tarehe, idadi ya watu na simu, basi. Picha ya pasipoti usiiombe mtandaoni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakubebesha jukumu la kila taarifa unayoikusanya.

Kitufe cha WhatsApp kina kosa ninaloliona kwenye tovuti nyingi za mwambao. Kiungo huandikwa wa.me/ kikifuatwa na 254 na namba yako, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo. Ukiandika 07, kitufe kinaonekana kizima lakini hakimfikishi mtu kwako, na hutajua kwa sababu hakuna anayelalamika. Kijaribu kwa simu ya mtu mwingine, isiyo na namba yako ndani.

Tovuti yetu imejengwa kwa WordPress, programu ya kujengea tovuti, na programu-jalizi, yaani nyongeza zake, ni nne tu. Kila uliyoiongeza ni dirisha jingine la kufunga usiku: isiposasishwa ndimo wadukuzi wanamopitia. Nasasisha kila baada ya wiki mbili, na kabla ya kugusa chochote natoa nakala ya tovuti nzima na kuiweka nje ya seva, ile kompyuta inayohifadhi tovuti, kwenye diski ya nyumbani. Cheti cha usalama, kile cha alama ya kufuli, kinapatikana bure kwa Let’s Encrypt. Hakidumu zaidi ya siku 90, kwa hiyo hakikisha seva yako inakihuisha yenyewe.

Bei nabadilisha mara mbili kwa mwaka: mwezi wa tano, kusi likiwa limeshika na wageni wamepungua, na mwezi wa kumi kabla ya kaskazi. Siku hizo nalifungua tena daftari na WhatsApp. Mara ya mwisho lililojirudia lilikuwa swali la intaneti, kama inatosha mtu kufanyia kazi akiwa chumbani. Nikapima kasi katika kila chumba na kuiandika, pamoja na vyumba viwili vya chini ambavyo mawimbi hayafiki vizuri.