Bitiruti nyuma ya nyumba, Embakasi
Mbegu moja ya bitiruti huweza kuotesha miche miwili, mitatu, hata minne, kwa sababu ni kishada cha mbegu, si punje moja. Ukiishika utahisi vinundu vyake vigumu. Mimi huiloweka usiku kucha kabla ya kupanda.

Kazi yenyewe ni kupunguza miche. Bakiza mmoja kila sentimita 10, la sivyo utavuna majani matupu. Uliyong'oa usiitupe! Ikaange na kitunguu na nyanya. Kwangu ni mitamu kuliko sukumawiki.

Udongo wetu mweusi wa huku Embakasi hushikamana sana, kwa hiyo nauchanganya na samadi iliyooza vizuri. Vuna bitiruti ikifikia ukubwa wa ngumi ya mtoto. Ikizidi sana huwa na nyuzinyuzi.